Mchezaji Mstaafu na Mifupa Yake

Siku ya mechi pita karibu na Uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma, utawakuta wazee wamekaa pamoja wakibishana juu ya mpira. Watakukumbusha tarehe 25 Julai 2021, siku Simba na Yanga zilipokuja kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika uwanja huu, na Simba ikashinda kwa bao 1-0. Watakusimulia jinsi Mashujaa ya hapa kwetu ilivyopanda Ligi Kuu mwaka 2023. Ukiwasikiliza zaidi utagundua kwamba wengi wao hawasemi kama watazamaji tu. Walicheza wenyewe: timu za shule, za reli, za bandari, za mitaa ya Ujiji na Mwanga. Baadhi yao walikuwa vijana wakati Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980, mara ya kwanza nchi yetu kushiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Sasa waangalie wanapoinuka kwenda nyumbani. Mmoja anashika goti, mwingine anashika kiuno, wa tatu anatafuta fimbo. Watu husema, "Mpira ndio uliomla." Wengine husema, "Ni uzee tu, hakuna la kufanya." Je, maneno hayo ni kweli? Katika somo la mwezi huu tutazungumzia mifupa ya mtu aliyekuwa mwanamichezo na sasa ameacha. Somo hili linawahusu wazee wenyewe, wake zao, watoto wao, na vijana ambao leo bado wanakimbia uwanjani.

1. Mfupa ni kitu hai

Watu wengi hudhani mfupa ni kama jiwe au kama nguzo ya nyumba: ukishasimama umesimama. Sivyo. Mfupa una damu, una mishipa ya fahamu, na kila siku unabomolewa na kujengwa upya. Ndani yake zipo chembe ambazo kazi yake ni kuondoa sehemu zilizochakaa, na zipo nyingine zinazojaza mahali palipobomolewa. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka.

Vifaa vya ujenzi huo ni protini pamoja na madini, hasa kalsiamu. Karibu kalsiamu yote ya mwili, asilimia 99, imewekwa katika mifupa na meno. Ile kidogo iliyobaki huzunguka katika damu, nayo ni ya lazima ili moyo na misuli ifanye kazi. Chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, mwili huenda kuichukua katika mifupa. Kwa hiyo mfupa ni kama ghala la familia: ukitoa kila siku bila kuingiza, siku moja utakuta sakafu.

2. Akiba huwekwa ujanani

Karibu sehemu tisa za kumi za akiba ya mifupa huwa zimekwisha kuwekwa mtu anapofika umri wa miaka 18 hadi 20. Huongezeka kidogo mpaka kukaribia miaka 30, kisha hukaa, halafu huanza kupungua polepole. Kwa mama, upungufu huenda kwa kasi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Wengine hupoteza hata sehemu moja ya tano ya akiba yao katika miaka mitano hadi saba.

Ni kitu gani humfanya kijana aweke akiba kubwa? Chakula, jua, na mzigo. Mfupa hujengwa pale unaposhtuliwa na uzito: kuruka, kukimbia, kugeuka ghafla, kupiga mpira, kubeba. Ndiyo maana mchezaji wa mpira wa miguu, wa netiboli au mruka chini huwa na mifupa ya miguu na nyonga iliyo migumu kuliko ya mwenzake aliyekaa tu. Kuogelea ziwani ni kuzuri kwa moyo na mapafu, lakini maji hubeba uzito wa mwili, na kwa hiyo kuogelea peke yake hakuongezi sana ugumu wa mifupa.

Basi wale wanaosema kwamba mpira humla mtu mifupa, hawakusema sawasawa. Mpira ulimwekea akiba. Tatizo liko katika yale yanayofuata baada ya kuacha.

3. Nini hutokea mtu anapoacha kucheza?

Huko Malmö, nchini Uswidi, watafiti walipima mifupa ya watu waliokuwa wachezaji wa mpira wa miguu. Waliokuwa wakicheza bado, au walioacha karibuni, walikuwa na mifupa yenye madini mengi kuliko watu wengine wa rika lao. Lakini kwa wale walioacha miongo mingi iliyopita, tofauti hiyo ilikuwa imebaki ndogo sana. Walichokivuna ujanani kilikuwa kinarudi ghalani na kutoka kidogo kidogo.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitoa matokeo juu ya wachezaji wa besiboli. Katika mchezo huo mtu hurusha mpira kwa mkono mmoja tu, na kwa hiyo mkono wake mmoja waweza kulinganishwa na wa pili. Waliona kwamba mkono wa kurushia una mfupa mnene zaidi, na kwamba karibu nusu ya unene ule ulioongezeka ujanani, na theluthi moja ya nguvu iliyoongezeka, hubaki maisha yote. Lakini madini yaliyoongezeka hupotea. Hata hivyo, waliostaafu mashindano huku wakiendelea kurusha mpira walihifadhi faida nyingi zaidi kuliko walioacha kabisa.

Hata wale wanaosafiri angani wanatufundisha jambo hilo hilo. Huko juu mwili hauna uzito, na mifupa ya nyonga ya mwanaanga aweza kuipoteza kwa asilimia moja au zaidi kila mwezi. Mfupa usiotumika mwili huuona kuwa ni gharama ya bure, nao huupunguza.

Kwa hiyo somo letu lote laweza kusemwa hivi: mchezaji astaafu uwanja, lakini asistaafu mwendo. Aliyekimbia miaka 15 kisha akakaa barazani miaka 30 asidhani kwamba ile miaka 15 itamlinda mpaka mwisho.

4. Goti linalouma si sawa na mfupa dhaifu

Hapa wengi huchanganya mambo mawili, na kuchanganya huko kumewadhuru.

Jambo la kwanza ni kiungo kulika. Katika goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza. Mchezaji aliyewahi kuteguka goti vibaya, kukatika kano, au kuumia na kurudishwa uwanjani kabla hajapona, ana hatari kubwa ya gegedu hilo kulika baadaye. Mtu huyu huumwa. Goti hukakamaa asubuhi, hulia anapochuchumaa, huvimba akitembea mbali. Wengi huliita baridi yabisi, ingawa halikuletwa na baridi ya ziwa.

Sote twamkumbuka Mtanzania John Stephen Akhwari, ambaye katika mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico mwaka 1968 alianguka na kuumia goti, lakini akamaliza mbio huku amefungwa bendeji. Dunia nzima ilimheshimu, na anastahili. Lakini tusiwafundishe vijana wetu kwamba kila Jumamosi kijana aliyeteguka lazima amalize mechi. Mechi ya mtaani si Olimpiki, na goti ni lile lile mpaka uzeeni.

Jambo la pili ni udhaifu wa mifupa, ambao madaktari huuita osteoporosisi. Hapa mfupa wenyewe umepungukiwa madini, umekuwa na matundu mengi ndani kama mti ulioliwa na mchwa. Ugonjwa huu hauumi. Hauvimbi. Mtu hutembea nao miaka mingi bila kujua, mpaka siku anapoteleza bafuni na nyonga inavunjika, au anainua ndoo na pingili ya mgongo inabonyea. Duniani kote, mwanamke mmoja kati ya watatu waliovuka miaka 50, na mwanamume mmoja kati ya watano, atavunjika mfupa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usiseme ni ugonjwa wa akina mama peke yao.

Mstaafu aweza kuwa na yote mawili. Na mara nyingi la kwanza huleta la pili: goti linauma, basi anakaa, anapokaa, mifupa inadhoofika, na ili asiumwe, anameza dawa. Juu ya dawa hizo yafaa tuseme wazi.

5. Mazungumzo katika zahanati

Tuchukue mfano wa mzee aliyekuwa beki, sasa ana miaka 68. Amefika zahanati ya kijiji.

Tabibu: Shikamoo, mzee.

Mzee: Marahaba, mwanangu. Goti hili limenitesa tangu masika ya mwaka juzi.

Tabibu: Pole sana, baba. Umekuwa ukitumia dawa gani?

Mzee: Vipo vidonge vidogo, rafiki yangu alinielekeza dukani. Nikimeza viwili naamka kama kijana. Kibirizi naenda na kurudi kwa miguu.

Tabibu: Umevitumia kwa muda gani?

Mzee: Mwaka wa pili huu. Nikikosa siku mbili mwili wote unalegea. Hata chakula sikitaki.

Tabibu: Unavyo hapo nivione? ... Baba, hivi ni deksamethasoni. Ni dawa ya kweli, na hospitalini inaokoa watu. Lakini si dawa ya kumezwa kila siku bila daktari. Angalia uso ulivyojaa na tumbo lilivyokua, huku mikono na miguu ikikonda. Ndani nako inapunguza mifupa.

Mzee: Mbona maumivu yanakwisha?

Tabibu: Yananyamazishwa, baba. Goti halijapona. Nawe unatembea juu ya goti bovu bila kusikia, na mfupa unaodhoofika bila kuuma.

Mzee: Basi leo hii navitupa ziwani.

Tabibu: Hapana, baba. Usiache ghafla. Ukitumia dawa hii muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo husahau kazi yake. Ukikata kwa siku moja waweza kuzimia, hata kufa. Tutakupeleka kwa daktari akupunguzie polepole, na akupime sukari na shinikizo la damu.

Ndugu msomaji, mzee huyu ni wa mfano tu, lakini vidonge hivyo si mfano. Deksamethasoni na prednisoloni ni dawa za jamii ya steroidi. Zikitumika kila siku kwa miezi mingi hupunguza mifupa upesi, hupandisha sukari, na zaweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa na kusagika. Jihadhari pia na unga au vidonge visivyo na jina vinavyouzwa mnadani kuwa ni dawa ya asili ya viungo, vikimponya mtu kwa siku moja. Dawa za aina hiyo zimewahi kupimwa katika nchi mbalimbali na kukutwa zimechanganywa na steroidi.

Dawa nyingine za maumivu kama diklofenaki hazipunguzi mifupa kwa namna hiyo, lakini zikimezwa kwa muda mrefu huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Wenye pumu au maradhi mengine waliopewa steroidi na daktari wasiziache kwa kusoma ukurasa huu. Waende wakamwulize daktari jinsi ya kulinda mifupa yao.

6. Akina mama waliocheza

Wapo mama katika parokia zetu waliocheza netiboli au kukimbia mbio katika mashindano ya shule. Wao wana jambo lao la pekee. Msichana anayefanya mazoezi makali na kula kidogo, iwe kwa umaskini au kwa kuogopa kunenepa, mwili wake huzima yale usiyoyahitaji kwa haraka. Hedhi hukatika. Hedhi ikikatika, homoni inayolinda mifupa hupungua, na akiba haiwekwi katika miaka ile ile iliyopaswa kuwekwa. Mama huyo hufika miaka 50 na ghala ambalo halikuwahi kujaa.

Wazazi na walimu wa michezo: binti anayecheza akikosa hedhi miezi mitatu naye si mjamzito, msimsifu kwamba amepata nafuu. Aongezewe chakula, apunguziwe mazoezi, aonwe na mganga. Na mama aliyepitia hali hiyo ujanani amweleze daktari, hata kama ni miaka 30 iliyopita.

7. Chakula cha pwani ya ziwa letu

Mtu mzima huhitaji kalsiamu karibu miligramu 1,000 kwa siku; mama aliyevuka miaka 50 na baba aliyevuka 70 wahitaji miligramu 1,200. Kikombe kikubwa cha maziwa kina kama miligramu 300. Je, asiye na ng'ombe afanye nini?

Sisi wa Kigoma hatuna haja ya kununua vidonge kwanza. Tuna dagaa. Samaki mkubwa kama mgebuka hutupa protini nzuri, lakini mifupa yake twaiweka kando ya sahani. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa yake, na kalsiamu imo humo. Konzi moja ya dagaa wakavu yaweza kushindana na kikombe cha maziwa. Kwa hiyo usikate vichwa na kutupa. Kwa mzee asiye na meno, dagaa safi waliokauka vizuri watwangwe wawe unga, unga huo utiwe katika mchuzi au uji. Nunua waliokaushwa juu ya vichanja badala ya mchangani, na waliotiwa chumvi uwaoshe kwanza, kwani chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu na kuongeza kalsiamu inayopotea katika mkojo.

Kumbuka pia kuweka akiba. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Familia inayokausha na kutunza dagaa mapema haitakosa mboga kipindi kama hicho.

Vyakula vingine vya kusaidia ni maziwa na mtindi, sukuma wiki, na maharage kwa ajili ya protini. Mchicha ni mboga nzuri kwa mambo mengine, lakini kalsiamu iliyomo mwili huipata kwa shida. Mawese yetu yana faida kwa macho, lakini hayana kalsiamu. Ugali wa muhogo hushibisha bila kujenga. Usiliwe na chumvi au kachumbari peke yake.

Vinavyobomoa ni tumbaku na pombe nyingi. Tumeona wachezaji waliosifiwa sana ambao, shangwe zilipokwisha, walihamia kwenye gongo. Pombe hubomoa mfupa, tena humwangusha mtu. Mtu wa namna hiyo tusimcheke. Tumwalike katika mazoezi ya wenzake.

8. Jua

Bila vitamini D, kalsiamu iliyoliwa haiingii vizuri mwilini. Vitamini hiyo ngozi huitengeneza yenyewe kwa jua. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Wastani wao katika damu ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati madaktari wengi huona 50 kuwa inatosha. Wale hawakumeza kidonge. Walitembea juani. Tatizo ni mzee wetu anayeamka, akakaa chumbani na redio, na kulala tena. Mtoeni barazani kila siku kwa muda, mikono na miguu ikiwa wazi.

9. Mazoezi ya mstaafu

Mwenye maradhi ya moyo, au aliyewahi kuvunjika karibuni, amwone daktari kwanza. Wengine waanze taratibu:

(a) Kutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Mji wetu una vilima. Kupanda kutoka stesheni ya reli kuelekea Mwanga ni zoezi tosha.

(b) Kuketi na kuinuka kitini bila kushika, mara kumi, asubuhi na jioni.

(c) Kusimama karibu na ukuta, kuinua visigino na kuvishusha, mara kumi na tano.

(d) Kusimama kwa mguu mmoja huku mkono uko karibu na ukuta, hesabu hadi kumi, kisha mguu wa pili. Hili huzuia kuanguka.

(e) Kubeba kitu cha uzito wa wastani, mathalani kidumu cha lita tatu kila mkono, na kutembea uani.

Unapoinua kitu chini, kunja magoti, usikunje mgongo. Mwenye goti bovu asiruke wala asikimbie kwenye mawe, lakini asiache kutembea. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupata nafuu. Wanaojua kufundisha wawafundishe watoto mpira: mzee atapata mwendo, na mtoto atapata akiba.

10. Nyumba isimwangushe mzee

Mifupa mingi ya wazee huvunjikia nyumbani. Weka taa au tochi karibu na kitanda kwa ajili ya kwenda chooni usiku. Ondoa mkeka uliokunjamana mlangoni. Njia ya bafuni isiwe na utelezi, na pawe na mti au bomba la kushika. Macho yakiwa na ukungu, apelekwe yakapimwe. Fimbo si aibu. Wengine waliowahi kushika kombe sasa washike fimbo.

11. Usichelewe hospitali

Nenda mapema ukiona haya:

– Mfupa umevunjika kwa kuanguka kidogo tu.
– Kimo kinapungua, au mgongo unaanza kupinda.
– Maumivu makali ya mgongo yaliyoanza ghafla baada ya kuinua kitu.
– Maumivu ya nyonga kwa mtu aliyetumia steroidi.
– Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda. Hii yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kinatibika.

Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi au umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Asikandwe, asivutwe. Wapo ndugu zetu wanaojua kufunga mifupa kwa vibanzi, lakini shingo ya mfupa wa paja kwa kawaida haiungi kwa kufungwa, na kufunga kwa kukaza sana huweza kuua mguu. Afikishwe hospitali yenye eksirei, kama Maweni hapa Kigoma. Ikihitajika atapelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mashine maalumu ya kupima wingi wa madini katika mifupa ipo katika hospitali chache kubwa, lakini kwa historia yako na eksirei daktari aweza kuanza kukusaidia. Zipo pia dawa za kuimarisha mifupa kwa wale waliokwisha kuvunjika.

Mpendwa msomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mfupa hauonekani wala hauumi, ndiyo maana twauziba kabla ya kuuona. Somo hili likifika nyumbani kwako, msomee babu aliyewahi kucheza. Mwulize kwanza alicheza namba ngapi. Kisha mwombe mfuko wake wa dawa uuangalie pamoja naye, na kesho jioni mtoke mkatembee.

Maswali ya kujadiliana katika familia au jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni nani waliokuwa wanamichezo? Sasa wanatembea kiasi gani kwa siku?
2. Ni dawa gani za viungo zinazomezwa katika nyumba zetu bila cheti cha daktari? Tutamsaidiaje mwenye kuzitumia asiziache ghafla?
3. Dagaa, maziwa na mboga: nani katika familia hupewa kidogo kuliko wengine, na kwa nini?
4. Tufanye nini juma hili ili mzee mmoja jirani yetu asianguke usiku?